Dawa Ilitangulia, Maelezo Yakafuata

Katika wodi ya wagonjwa wa akili nilikouguza hadi kustaafu, klopromazini ilikuwa dawa ya kila siku. Ndugu wa wagonjwa waliniuliza: kama mtoto wetu hakurogwa wala hana jini, kidonge hiki kinatuliza nini? Wana haki ya kujibiwa, na jibu lenyewe ni historia.

Dawa hii haikutengenezwa kwa ajili ya skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti na kushuku watu. Ilitoka katika maabara za Rhône-Poulenc, Ufaransa. Henri Laborit, daktari mpasuaji wa jeshi la wanamaji, alitafuta cha kumkinga mgonjwa na mshtuko wa upasuaji. Akaona wanaopewa dawa hii hubaki macho, ila wasiwasi umewatoka. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker waliijaribu kwa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris. Waliokuwa wakipiga kelele usiku kucha wakatulia, wakaanza kuzungumza. Kwa nini? Hakuna aliyejua.

Dokezo lilitoka Sweden. Mwaka 1957 Arvid Carlsson na wenzake waliwapa sungura reserpini, dawa nyingine ya kutuliza, wakaganda wasiweze hata kusogea. Walipodungwa L-dopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe katika ubongo, wakainuka. Mwaka 1963, yeye na Margit Lindqvist walipima ubongo wa panya waliopewa klopromazini na dawa mwenzake haloperidoli, wakapendekeza kwamba dawa hizi huziba vipokezi vya dopamini na kemikali za jamii yake. Katikati ya miaka ya 1970, maabara za Philip Seeman na Solomon Snyder zilionyesha kuwa kadiri dawa inavyokishika kipokezi cha dopamini kwa nguvu, ndivyo dozi ndogo inavyotosha.

Hapo ndipo nilipoielewa mikono ya wagonjwa wangu. Dopamini hiyohiyo huongoza mwendo wa viungo. Ukiizuia ili sauti zinyamaze, mikono hutetemeka, shingo hukakamaa, mate humtoka mtu. Familia nyingi zilisema dawa imemharibu mgonjwa wao, zikaitupa, na sauti zikarudi.

Dopamini haielezi yote. Sauti na shuku huitikia dawa. Kujitenga na kupoteza hamu ya maisha huitikia kidogo sana.

Nawasihi wenye wagonjwa: mkiona mtetemo, msitupe vidonge. Mrudisheni kliniki. Dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa, na ipo dawa ya kutuliza mtetemo wenyewe.