Sheli Inapoamka: Historia ya .profile na .bashrc

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mfaransa Louis Pouzin alikuwa MIT, Marekani, akishughulikia CTSS, mfumo uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Aliandika programu iitwayo RUNCOM: mtu anaweka amri zake kwenye faili, nayo inazitekeleza moja baada ya nyingine. Kutokana na jina hilo zilibaki herufi rc, zinazomalizia .bashrc mpaka leo.

Utaratibu wa kuingia kwenye kompyuta ulikomaa kwenye mfumo endeshi wa Unix. Mwaka 1979, Bell Labs ilitoa toleo la saba likiwa na sheli ya Stephen Bourne, yaani programu inayopokea amri za mtumiaji na kuzitekeleza. Mtu alipoandika jina na nywila, programu ya login iliita sheli kwa kutanguliza kistari: si sh, bali -sh. Kwa kistari hicho sheli ilijua kuwa mtu ndiyo kwanza anaingia, ikasoma faili yake ya .profile.

Humo aliweka PATH, yaani orodha ya saraka za kutafutia programu, na aina ya terminali aliyoitumia. Halikuwa jambo dogo. Mmoja alitumia Teletype iliyochapa herufi 10 kwa sekunde kwenye karatasi, mwingine skrini, na hata alama ya kufutia herufi haikuwa moja.

Kule Berkeley, Bill Joy aliigawa kazi ya .profile kwenye faili mbili katika sheli yake, csh: .login isomwe mara moja, .cshrc kila sheli inapofunguliwa. Alikuwa na hoja nzito. Vigeu vya mazingira, kama PATH, hurithiwa na programu zinazoanzishwa na sheli. Vifupisho vya amri havirithiwi, hivyo lazima visomwe upya.

Bash, sheli ya Brian Fox ya mwaka 1989, ilirithi pande zote mbili. Mtu akiingia, husoma /etc/profile, kisha hutafuta .bash_profile, .bash_login na .profile; ikipata mojawapo, zinazofuata inaziacha. Ndiyo maana anayeunda .bash_profile hushangaa .profile yake ikipuuzwa bila onyo. Na .bashrc? Haisomwi hapo mpaka iitwe.

Madirisha yakazidisha utata. Kwenye Linux, dirisha jipya la terminali kwa kawaida halihesabiwi kuwa kuingia. Kwenye macOS linahesabiwa.

Basi weka PATH kwenye .profile, vifupisho kwenye .bashrc, na ya kwanza iite ya pili. Ukiwa na shaka, andika echo $0: ukiona -bash, umo kwenye sheli ya kuingia.