Projekta ilikuwepo, swali ndilo halikuwepo

Watu wangu, kila nikipita Bandari ya Kale maji yakiwa yamepwa, huwa najiuliza: mbona hatukufundishwa sayansi hapa? Shuleni kwetu projekta tulikuwa nayo. Mwalimu anafungua slaidi, sisi tunanakili, kengele inalia. Basi. Nimekuja kuacha chuo bado nakumbuka slaidi, sayansi yenyewe siikumbuki.

Zamani nilimlaumu mwalimu. Halafu nikaifuata historia.

Mwaka 1998 Kenya ilianza mradi wa SMASSE, ikisaidiwa na JICA ya Japani. Kazi yake ilikuwa kuwanoa walimu wa hesabu na sayansi wa sekondari ambao tayari wako kazini. Wazo lilikuwa jepesi: mwanafunzi ajaribu mwenyewe, na kama hakuna maabara, mwalimu atumie vitu vilivyopo. Naye mwalimu apange, atende, atazame matokeo, arekebishe. Lakini ulianza na wilaya 9 tu, na Mombasa haikuwemo. Sisi tulingoja mpaka 2003, ulipoanza kupanuliwa nchi nzima. Kazi hiyo leo iko mikononi mwa CEMASTEA, kule Karen, Nairobi.

Kisha ikaingia siasa. 2013 tukaahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. 2016 vikaanza kufika vishikwambi, na laptopu za walimu, na projekta. Walimu walipewa mafunzo pia, sikatai. Lakini gumzo mtaani lilikuwa vifaa: vimefika? Vimefungiwa kabatini? Ni wachache waliouliza mwalimu atafanya nini navyo.

Sasa mtaala mpya, ulioanza rasmi 2019, umeweka "maswali dadisi" katika kila mada. Vizuri. Ila swali kwenye karatasi haliulizwi lenyewe.

Hebu fikiria hivi. Darasa zima linapiga picha ngazi za bandarini kila siku maji yakijaa kabisa, kwa siku 14, na kuandika saa. Simu moja yatosha. Halafu picha zinaunganishwa ziwe video. Watoto wataona wenyewe kwamba maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, na kwamba siku nyingine hupanda ngazi zaidi. Kwa nini? Hapo mwalimu anyamaze, awaache waangalie mwezi. Manahodha wetu wana majina ya mambo haya, bamvua na maji mafu, tangu zamani. Kumbe sayansi haikutoka mbali, ati.

Kunyamaza huko ndiko kugumu, na ndiko kunahitaji mafunzo. Mwalimu aliyefundishwa kwa kunakili atafundisha kwa kunakili, hata umpe mashine gani.

Kwa hivyo pesa zikija tena, msituonyeshe maboksi kwanza. Tuonyesheni walimu wangapi wa Mvita wamefunzwa kuuliza. Shuleni kwenu nyinyi ilikuwaje?