Kasi ya Kupanda Madaraja katika Skauti: Hoja ya Umri na Hoja ya Kazi

Skauti wa Marekani anaweza kufika daraja la Tai, lililo la juu kabisa, akiwa na miaka 13. Mwenzake hulipata siku chache tu kabla ya kutimiza miaka 18, ambayo ni ukomo wa kukamilisha masharti. Pengo hilo huwagawa wazazi na viongozi wa vikosi. Wapo wanaomsifu aliyewahi, na wapo wanaodai kwamba mtoto wa miaka 13 hajawa kiongozi hata akiwa na beji zote 21 zinazotakiwa.

Kanuni zenyewe hazitaji umri wa chini wa kupata Tai. Zinataja miezi: minne tangu Daraja la Kwanza hadi Nyota, sita hadi daraja linalofuata, na sita mingine hadi Tai. Jumla ni miezi 16. Juu ya hapo kuna mradi wa kuihudumia jamii, ambao kijana lazima aupange na kuuongoza mwenyewe, na wadhifa kikosini.

Makala haya yanashikilia kwamba uzito wa suala uko kwenye wadhifa huo. Chukua mtunza vifaa. Kambi ikivunjwa mvuani, mahema hukunjwa yakiwa mabichi. Ni juu yake kuhakikisha yanaanikwa, vigingi vinahesabiwa, na sufuria iliyotoboka inaandikwa daftarini. Kijana wa miaka 12 anaweza kuimudu kazi hiyo vizuri. Lakini baba akimfanyia, miezi sita itapita na cheo kitabaki cha karatasini, awe na miaka 12 au 17.

Polepole nayo ina hasara zake. Anayeahirisha hujikuta na miaka 16, mitihani imemkaba na kibarua cha jioni kinamsubiri. Isitoshe, wasichana waliofunguliwa mlango wa vikosi hivyo Februari 2019 walithibitisha kwamba haraka si lazima ilipue kazi: kufikia Februari 2021, karibu 1,000 walikuwa wametimiza masharti ya Tai.

Kwa hiyo kasi itofautiane kwa hatua. Hadi Daraja la Kwanza, kijana hujifunza mafundo, dira, huduma ya kwanza na kuwapikia wenzake kambini. Hapo kuchelewa hakumsaidii, kwa kuwa bila stadi hizo kila safari atabaki abiria. Baada ya hapo miezi 16 ichukuliwe kuwa kima cha chini. Kiongozi haruhusiwi kuongeza sharti la umri, kwa kuwa kanuni zinakataza yeyote kuzidisha au kupunguza masharti. Anachoweza ni kumpa kijana kazi ya kweli na kukataa kuifanya kwa niaba yake. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo: Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipopiga kambi kisiwani Brownsea mwaka 1907 na wavulana wapatao 20, aliwagawa katika vikundi, kila kimoja chini ya mvulana mwenzao.

Swali gumu zaidi ni la miaka inayobaki. Tai wa miaka 13 ana karibu miaka mitano mbele yake, na chama humtunuku alama ya ziada kwa kila beji tano anazoongeza. Vikosi vingefanya vyema kumkabidhi wageni wa mwaka wa kwanza, awafundishe kusoma ramani na kuwasha moto hadi nao wafike Daraja la Kwanza.