Bendera Isiyofuata Upepo: Historia ya Kuukadiria Upepo katika Pwani ya Mtwara

Pwani inayoanzia ghuba ya Mikindani hadi mlango wa mto Ruvuma iko kwenye nyuzi 10 hivi kusini ya Ikweta, na historia yake ya ubaharia hailingani na ya Lamu wala Unguja, kwa kuwa kaskazi, yaani upepo wa msimu uvumao kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, hufika huku ukiwa umepungua nguvu, ilhali kusi, unaovuma tangu Aprili hadi Oktoba hivi, hauna upungufu huo. Majahazi ya Arabuni yaliyoweza kufika Kilwa na kurudi kwao ndani ya mwaka mmoja hayakuwa na uhakika huo yakipita kusini zaidi. Isitoshe, mkondo mkubwa wa bahari unaotoka mashariki huipiga nchi kavu karibu na Rasi Delgado ukagawanyika, tawi moja likaelekea kaskazini na jingine Msumbiji, hivyo nahodha aliyekosea kuukadiria upepo hapa hakusamehewa na maji.

Kabla ya mitambo, upepo ulisomwa kwa tanga, kwa ngozi ya uso na kwa bendera ya mlingotini, iliyoonyesha upi ni upande wa goshini, yaani unakotokea upepo, na upi ni wa demani, unakoelekea. Methali isemayo kuwa bendera hufuata upepo humsuta mtu asiye na msimamo, lakini kwa mabaharia hiyo ndiyo sifa pekee ya bendera, na yenye hatari ni ile isiyofuata: iliyolowa mvua ikagandamana na mlingoti, iliyonasa kwenye kamba, au iliyokingwa na tanga. Kosa gumu zaidi kugundua halikuwa la bendera bali la msomaji, kwa sababu chombo kinachokwenda huzalisha upepo wake chenyewe. Jahazi likienda noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa, huku upepo wa noti 12 ukilisukuma kutoka nyuma barabara, aliyemo ndani huhisi noti 7 tu, akadhani upepo umepoa.

Kasi ya upepo ilianza kupimwa kwa vikombe vinavyozunguka baada ya Thomas Romney Robinson wa Ireland kubuni kifaa hicho mwaka 1846, na katika Afrika Mashariki ya kikoloni upimaji wa hali ya hewa ukapata idara yake mwaka 1929. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza na kukamilika mwaka 1954 wakati mradi wenyewe ulikwisha kuanguka, ilileta meli kubwa, ingawa mashua na ngalawa za kijiji cha Msimbati katika pwani hiyohiyo ziliendelea kutegemea tanga.

Kipimaupepo cha umeme kwenye chombo cha leo hakikuondoa tatizo la kale, kwa maana kinakaa palepale pa bendera, juu ya mlingoti, na kinapata chumvi ileile. Kikionyesha mwelekeo bila kasi, mara nyingi vikombe vimekwama au ekseli yake imeliwa na kutu. Mwelekeo ukikosea kwa kiasi kilekile kila upande, kifaa kilifungwa kikiwa kimepinda, na dawa yake ni kukirekebisha, si kununua kingine. Kasi na mwelekeo vikipotea pamoja, huchunguzwa kwanza nyaya na viungio vya chini ya mlingoti, ambako maji hujikusanya. Uchunguzi huo hufanywa chombo kikiwa kimefungwa gatini, pasipo upepo wa mwendo, na majibu ya kifaa hulinganishwa na kitu kingine kisichotumia umeme. Ndiyo sababu mashua nyingi za matanga zenye kipimaupepo cha kisasa bado hufungwa utambaa mwepesi kwenye kamba za mlingoti.