Mawazo mengi, homoni ya kortizoli na ugonjwa wa sclérose en plaques: tufahamu nini?

Sclérose en plaques ni ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo. Askari wa mwili, wale wanaopashwa kutulinda na vijidudu, wanageuka na kushambulia myelini, yaani utando unaofunika mishipa ya fahamu sawa vile plastiki inafunika waya ya umeme. Plastiki ikiharibika, umeme unapotea njiani. Njo maana mgonjwa anaweza kuona giza kwa jicho moja, mguu kufa ganzi, kuchoka bila kazi ao kushindwa kuzuia mikojo. Mara nyingi dalili zinakuja, zinatulia, kisha zinarudia.

Ugonjwa huu ni wa nadra karibu na ikweta kuliko Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Lakini nadra si kusema haupo. Ili kuutambua vizuri inaombwa mashine ya IRM, na hizo ni chache sana Kongo. Wakati huo jamaa inabaki na maswali: ni uchawi? ni sumu?

Mawazo yanaingilia wapi?

Daktari Jean-Martin Charcot, wa hospitali ya Salpêtrière, Paris, alieleza ugonjwa huu mwaka 1868. Tayari yeye aliona kwamba huzuni na masumbuko ya muda murefu vinaweza kuwa na uhusiano nao.

Miaka 100 baadaye, 1968, mutafiti wa ubongo Bruce McEwen, wa chuo kikuu cha Rockefeller, New York, alionyesha kwa panya kwamba homoni ya stresi inaingia mpaka ndani ya ubongo, katika sehemu inayotunza kumbukumbu. Kwa mwanadamu homoni hiyo ni kortizoli. Inatengenezwa na tezi mbili ndogo zilizo juu ya mafigo. Ukiwa hatarini inakupa nguvu, tena inatuliza askari wa mwili. Lakini stresi isipoisha, watafiti wanafikiri kwamba askari hao wanazoea kortizoli na hawaisikie tena.

Mwaka 2004, David Mohr na wenzake walikusanya pamoja tafiti 14. Waliona kwamba kisha tukio kubwa la stresi, hatari ya ugonjwa kurudia inaongezeka. Mwaka 2012 walifuata wagonjwa 121. Waliofundishwa namna ya kushinda stresi walipata vidonda vipya vichache katika ubongo. Ila masomo yalipoisha, faida hiyo haikuendelea.

Kwa hiyo, mawazo peke yake hayajahakikishwa kuwa chanzo cha ugonjwa. Mgonjwa asilaumiwe eti «unafikiri sana».

Dawa zinazofanana na kortizoli

Ugonjwa ukirudia kwa nguvu, madaktari wanatumia methylprednisolone ya kiasi kikubwa, kwa siku 3 mpaka 5. Inaharakisha kupata nafuu, lakini haiponyeshe ugonjwa.

Hapa tuwe waangalifu. Dexaméthasone ni ya jamaa hiyohiyo, na kwetu kuna watu wanaoinunua bila karatasi ya muganga ili wanenepe. Inaweza kupandisha sukari na tension, kulegeza mifupa na kufungulia mulango magonjwa ya kuambukiza. Ikimezwa muda murefu, zile tezi za juu ya mafigo zinalala. Mtu akiiacha ghafla, mwili unabaki bila kortizoli, na anaweza kuzimia, hata kufa. Anayeimeza tayari asiikate yeye mwenyewe, aende kwa muganga ipunguzwe polepole.

Tena, jicho likipoteza nguvu ghafla, ao ganzi ikidumu zaidi ya siku moja, usingoje. Enda kituo cha afya, uombe kutumwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Ganzi iko na sababu nyingi, na zingine zinatibika hapa hapa.