Wapolandi wa Tengeru

Mtu wa Nambis atakaye kuwajua Wapolandi hana haja ya kuvuka bahari. Akisha kuteremka kutoka nyanda za juu zenye ukungu za Mbulu, akapita Karatu na Mto wa Mbu, akaiacha Arusha nyuma kwa mwendo mfupi akielekea Moshi, atafika Tengeru, karibu na ziwa Duluti, ambako tangu mwaka 1942 walikaa Wapolandi wapatao 5,000, aghalabu wanawake na watoto.

Hawakuja kwa hiari. Mwaka 1940 Wasovieti waliwatoa majumbani mwao mashariki ya Polandi, wakawapakia katika mabehewa ya mizigo, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan kufanya kazi za shokoa. Hata Ujerumani ilipoishambulia Urusi mwaka 1941, wakafunguliwa kwa mapatano, wanaume wakaandikwa katika jeshi la Jenerali Anders, na jamaa zao wakavushwa Uajemi, kisha kwa merikebu hadi pwani ya Afrika Mashariki. Wengine waliwekwa Kondoa, jirani hasa kwa mtu wa Hanang. Walakini kambi kubwa ilikuwa Tengeru.

Nyumba zao zilikuwa za mviringo, zimepakwa chokaa, na paa la kuezekwa lililochongoka. Makazi mageni kabisa kwao, ingawa sisi Wairaqw, ambao wazee wetu walichimba nyumba ubavuni mwa kilima ili wavamizi wasizione, twafahamu vema jinsi hofu inavyomfundisha mtu ujenzi. Humo walianza upya: kanisa, sinagogi, shule za Kipolandi, bustani za mboga. Na usiku wa kuamkia Noeli, kwa ada ya kwao, nyota ya kwanza ikionekana, hukaa mezani penye nyasi kavu chini ya kitambaa kwa kukumbuka hori, humegeana mkate mwembamba mithili ya hostia huku wakitakiana heri, nao huacha sahani moja tupu kwa ajili ya mgeni asiyetazamiwa. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini nadhani kwa mjane wa Tengeru sahani ile haikuwa ya mgeni, bali ya yule aliyebaki katika theluji.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, makwao palikuwa pamekwisha tiwa ndani ya mipaka ya Sovieti, basi wengi wakaenda Uingereza, Kanada na Australia. Ajabu ya taarikh ni kwamba kambi ilipokuwa ikifungwa, Wameru wa jirani nao waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951, na mwenzao Kirilo Japhet akapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa.

Yamesalia makaburi yapatayo 150, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, ya Wakatoliki, Waorthodoksi na Wayahudi. Kwao Wapolandi, tarehe 1 Novemba kila kaburi huwashiwa taa, hata la mtu asiye na jamaa.