Mudimbe, mtoto wa Likasi aliyeacha kiti

Wandugu wasomi, tuseme ukweli. Kati yetu tuliosomea hapa Likasi, ni wangapi tulisikia jina la V. Y. Mudimbe darasani? Lakini ni mtoto wa hapa hapa. Alizaliwa tarehe 8 Desemba 1941, mji ungali ukiitwa Jadotville.

Ujanani aliingia utawani kwa Wabenedikto, kule Rwanda. Akatoka, akafuata masomo: Lovanium kule Kinshasa, halafu Louvain, Ubelgiji, alikopata udaktari mwaka 1970. Akarudi, akawa profesa Lubumbashi.

Mwaka 1973 alitoa riwaya yake ya kwanza, Entre les eaux. Inaeleza padri Pierre Landu, anayeacha parokia na kujiunga na waasi wa Kimarx porini. Huku si wa Kanisa tena, huku waasi hawamwamini. Kitabu hicho kilipata Grand Prix catholique de littérature.

Miaka ile Mobutu alikuwa amepiga marufuku majina ya Kikristo. Valentin-Yves akajiita Vumbi Yoka. Angalieni vizuri: V na Y zilibaki palepale!

Mwaka 1980 Mobutu akamweka katika Komite Kuu ya chama, MPR. Wengine walikitafuta kiti kama kile kwa magoti: gari, nyumba, heshima. Yeye akaacha kiti, akaacha na nchi, akaenda kufundisha Marekani: Haverford, Stanford, Duke. Njo kule alitoa The Invention of Africa mwaka 1988. Humo anaonyesha kwamba mambo mengi tunayoita "ujuzi juu ya Afrika" yaliandikwa na wamisionari na wataalamu wa kikoloni, na hata sisi tukiwajibu, tunatumia maneno yao.

Alifariki Aprili 2025, kule kule Marekani. Alilipa bei: zaidi ya nusu ya maisha yake mbali na kwao. Lakini maktaba yake aliipa Universite ya Lubumbashi. Vitabu vilirudi Katanga, vinatungoja.

Sisi tunatafuta kazi na diploma mkononi, na siku moja kiti kitatujia. Je, tutauliza kwanza bei yake?

Toka Likasi mpaka Lubumbashi ni kilomita kama 120 tu. Nani anaenda kusoma?